Raleigh ya marehemu baba: ina thamani gani?

*Swali: Marehemu baba ameniachia baiskeli nyeusi ya Raleigh, ya kiume, yenye breki za vyuma virefu, boksi la mnyororo lililofunika pande zote, gia tatu na kiti cha ngozi kilichopasuka. Nyumbani tumekuwa tukiambiwa ni ya 1948. Kuna mtu amekuja mara mbili na pesa mkononi, anasema kwa kutu ile hakuna atakayenipa zaidi. Fundi ananishauri niipake rangi kwanza ndipo niuze. Mtandaoni nimeona inayofanana nayo imewekewa bei ya kutisha. Nimuamini nani? Kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma nimesoma: Sturmey-Archer, AW, 58 3.*

Dada, pole kwa msiba. Fundi mwambie aweke brashi chini, na huyo bwana wa pesa mkononi mwambie utampa jibu baada ya wiki mbili. Mtu harudi mara mbili kwa ajili ya chuma chakavu. Simwiti mwizi, kila mnunuzi huanzia chini. Lakini yeye anatazama faida yake, na yule wa bei ya kutisha anatazama ndoto zake, kwa hiyo tuwaweke wote kando kwanza tuitazame baiskeli. Baiskeli za namna hii zina maandishi mengi mwilini, kazi ni kujua pa kuyasoma.

Hiyo "58 3" ni mwaka na mwezi: Machi 1958. Sturmey-Archer lilikuwa tawi la gia la Raleigh, huko huko Nottingham, Uingereza, nao walikuwa na mazoea mazuri ya kugonga tarehe kwenye ganda la kitovu. AW ni jina la aina ya gia. Ilianza kutengenezwa 1936 na ikaendelea kwa miongo mingi ikibadilika kidogo sana, ndiyo maana hadi leo vipuri vyake vinapatikana bila shida kubwa. Hilo peke yake ni jambo jema kwa mnunuzi wako.

Je, baba alikosea kwa miaka kumi? Si lazima. Tarehe hiyo ni ya kitovu. Gurudumu la nyuma ndilo linalobeba mzigo, na katika maisha marefu ya baiskeli ya kazi huvunjika, hufumuliwa, hubadilishwa. Inawezekana fremu ni ya 1948 na gurudumu likaja baadaye. Inawezekana pia baiskeli nzima ni ya 1958, na ile ya 1948 ilikuwa nyingine iliyouzwa au kuibwa, kisha simulizi mbili zikaungana kuwa moja. Nimeliona hilo katika familia nyingi, na kila mara aliyesimulia alikuwa mkweli kabisa.

Basi tafuta mashahidi wengine. Anza kwa kuhesabu spoki. Kwa miaka mingi Waingereza walifunga spoki 32 mbele na 40 nyuma, wakati kwingine desturi ilikuwa 36 kwa 36. Ukikuta 32 na 40, na rimu zote mbili zina umbo moja na zimechakaa sawasawa, kuna uwezekano mkubwa magurudumu yametoka kiwandani pamoja. Breki za vyuma hubana rimu kwa upande wake wa ndani, ule unaotazama kitovu, wala si ubavuni, kwa hiyo rimu zake ni za umbo maalumu. Rimu ya kawaida iliyowekwa baadaye utaigundua mara moja kwa sababu mpira wa breki hauna pa kukaa vizuri. Kisha tazama gia kubwa ya mbele: ya Raleigh ina vichwa vya korongo vilivyokatwa ndani yake. Ikiwa boksi la mnyororo linaifunika, kuna kifuniko kidogo cha duara kinachofunguka. Kifungue taratibu, usilazimishe. Mwisho tafuta nambari ya fremu. Kwenye Raleigh mara nyingi iko kwenye kiungo kilicho chini ya kiti, lakini pia hugongwa chini ya fremu, pale pedali zinapozungukia.

Nambari hiyo usiitegemee peke yake. Orodha za nambari za Raleigh zinazozunguka zina mapengo, na mfululizo mmoja unaweza kuangukia miaka tofauti. Watengenezaji wengine walikuwa nadhifu zaidi. Schwinn, watengenezaji wa baiskeli wa Chicago, kuanzia 1965, waliweka herufi mbili mwanzoni mwa nambari: ya kwanza mwezi, ya pili mwaka. Shimano wa Japani, watengenezaji wa vipuri vya baiskeli, nao waligonga herufi mbili nyuma ya vifaa vyao, mwaka kisha mwezi, wakianza na A kwa 1976. Kwa Raleigh unapima ushahidi kama hakimu: kitovu kinasema hivi, fremu inasema vile, kiti na taa vinasema nini?

Wala usijisumbue kupita kiasi na miaka hiyo kumi. Kwa baiskeli ya aina yako, tofauti ya 1948 na 1958 ni ndogo kuliko tofauti ya boksi la mnyororo lililo zima na lililobondeka. Ila ukiiuza, andika "kitovu cha 1958". Ukiandika 1948 na mnunuzi akakisoma kitovu, hataamini tena neno lako hata moja.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwa kudhani umri ndio thamani. Raleigh nyeusi za breki za vyuma zilitengenezwa kwa wingi mno kwa miongo mingi na kupelekwa karibu kila pembe ya dunia. Zilijengwa zidumu, na zikadumu. Kitu kilichodumu kwa wingi hakiwi adimu kwa kuzeeka tu. Upande mwingine kuna Schwinn za watoto ziitwazo Krate, zilizouzwa Marekani kati ya 1968 na 1973, zenye gurudumu dogo mbele, kubwa nyuma, na kiti kirefu kama ndizi. Nzuri yake, iliyo kamili, inaweza kuishinda kwa bei baiskeli ya mtu mzima iliyoitangulia kwa miaka arobaini. Sababu ni ya kibinadamu tu: mtoto aliyeitamani akaikosa alikua, akapata kazi, na sasa ana pesa. Wanunuzi wa vitu vya kale mara nyingi hununua utoto wao. Kwa hiyo unapouliza bei, uliza pia nani aliitamani baiskeli hii, na je, bado yupo?

Kwa yako, wanaoitaka ni makundi mawili. Kuna wanaotaka kuiendesha hivyo ilivyo, wima, polepole, wakifurahia sauti ya gia zake. Hao hutaka izunguke vizuri na iwatoshe kimo. Pima fremu kwa inchi, kuanzia katikati ya pale pedali zinapozungukia hadi juu ya bomba la kiti. Fremu ndefu sana hupunguza idadi ya wanaoweza kuipanda. Kundi la pili ni wakusanyaji, na wao wana swali moja: imebaki na nini vya kuzaliwa navyo? Boksi la mnyororo lililofungwa pande zote ni pointi kubwa kwako, kwa sababu mafundi wengi walilitoa na kulitupa ili wafikie mnyororo kwa urahisi. Tafuta na pampu, mkoba wa vifaa nyuma ya kiti, taa ya mbele, vishikio vya usukani, pedali za mpira zenye jina. Tazama pia kitovu cha mbele. Kikiwa kinene isivyo kawaida, huenda ni dinamo ya Sturmey-Archer iliyojengwa humo ndani, na watu huitafuta. Madigadi za asili, hata zikiwa na mkunjo, zina maana kuliko mpya za dukani.

Kiti kilichopasuka kisikuvunje moyo. Kikiwa ni cha Brooks, watengenezaji wa Kiingereza wa viti vya ngozi, utaona jina limegandamizwa kwenye ngozi au kugongwa kwenye chuma. Ngozi iliyochanika haitabeba mtu tena, na gundi haisaidii. Lakini springi na mifupa yake ya chuma vikiwa vizima, kuna mafundi wa ngozi wanaoivisha upya. Kiache mahali pake.

Sasa rangi. Hapa nitachukua nafasi, kwa sababu nimewahi kulipia somo hili. Baiskeli ya kwanza niliyonunua kwa nia ya kuuza ilikuwa nyeusi kama yako, ya kabla ya Vita vya Pili, imefifia na kuchubuka. Niliikwangua yote kwa msasa, nikapiga rangi mara tatu, ikang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Akaja mkusanyaji aliyekuwa ameiona kabla sijaigusa. Alipitisha kidole kwenye bomba la juu, akaniuliza mistari imekwenda wapi. Mistari gani? Ile myembamba ya dhahabu, iliyochorwa kwa mkono na mtu aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote. Niliichukulia kuwa uchafu uliokaidi. Siku hiyo alinunua kengele tu.

Rangi ya kiwandani, hata iliyochoka, ni hati ya baiskeli. Inathibitisha kuwa fremu haijachomelewa, haijanyooshwa, haijabadilishwa jina. Chini ya rangi mpya mnunuzi haoni kitu, na asichokiona hukihesabu kuwa kibovu. Nembo za kubandika na zile za dhahabu zikienda hazirudi. Nakala zipo, na mwenye jicho huzitambua akiwa mbali. Kuna wakati kupaka upya ni sahihi: fremu iliyobaki chuma kitupu, au ambayo tayari ilipakwa vibaya na mtu mwingine. Yako haijafika huko.

Kuisafisha ni jambo jingine. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini, na kwenye nembo pita kama unayefuta uso wa mtoto aliyelala. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Kutu juu ya kromu huondoka vizuri kwa kipande cha karatasi ya alumini kilichokunjwa na kuloweshwa maji, unasugua polepole. Mashine ya maji ya kasi usiilete karibu, itasukuma mchanga ndani ya gololi na kubandua kilichobaki cha nembo. Ukimaliza, pitisha nta. Kutu nyepesi ya juu juu, ile ambayo mnunuzi wako anaililia, ndiyo kasoro ya bei nafuu kuliko zote.

Kasoro ghali ni zile asizozitaja. Inama mbele ya baiskeli, upapase sehemu ya chini ya mabomba mawili yanayoungana nyuma ya uma wa mbele. Ukihisi wimbi au uvimbe, au rangi imepasuka mistari mistari hapo tu, baiskeli iligonga kitu kwa nguvu. Simama ubavuni uone kama uma umerudi nyuma. Kisha legeza nati ya kiti ujaribu kuzungusha nguzo yake. Iliyoganda ni tatizo la kweli, na kuilazimisha kumeua fremu nyingi kuliko ajali. Ikikataa, dondoshea mafuta ya kupenya, uiache siku kadhaa. Ikikataa tena, iseme wazi kwenye maelezo yako.

Na usikubali kuambiwa gia zimekufa kabla ya jaribio hili. AW ina nafasi tupu kati ya gia ya pili na ya tatu. Waya ikilegea kidogo, pedali huzunguka bila kushika na mtu hudhani kitovu kimevunjika. Weka gia ya pili, utazame mwisho wa ekseli upande wa kulia, panapoingia kijinyororo kinachovutwa na waya ya gia. Kijiti kinachobeba kijinyororo hicho bega lake liwe sawa na ncha ya ekseli. Kama limetoka nje au limezama ndani, rekebisha waya mpaka liwe sawa. Mafuta mepesi kijiko kimoja kwenye tundu la kitovu, zungusha, ngoja, rudia. Nimenunua zaidi ya baiskeli moja kwa bei ya "gia mbovu" na kuzitengeneza kabla chai haijapoa. Nakuambia ili asije mwingine akakufanyia hivyo hivyo.

Swali lako halikugusa hili, ila wengi wanaosoma hapa wana baiskeli za mbio, na hesabu yao ni tofauti kabisa. Kwa baiskeli ya mbio, vipande vinaweza kuzidi kitu kizima. Seti ya vipuri vya Campagnolo, kampuni ya Italia, ya miaka ya 1970 ina wanunuzi wake hata fremu ikiwa imekufa, na kwenye gia ya nyuma, ile inayohamisha mnyororo, ya toleo la Nuovo Record mara nyingi kuna neno "Patent" na tarakimu mbili zinazokupa mwaka. Fremu nayo huuzwa kwa jina la bomba. Reynolds 531, bomba la chuma la Kiingereza lililoingia sokoni 1935, ndiyo inayotajwa zaidi, na kwa hiyo ndiyo inayoghushiwa zaidi: stika hununuliwa kama peremende. Dawa yake ni kalipa, kile kifaa cha kupimia upana na unene. Bomba la kawaida la kiti lina milimita 28.6 kwa nje. Toa nguzo ya kiti usome kipimo chake. Ikiwa ni 27.2, tofauti ni milimita 1.4, yaani kila ukuta una chini ya milimita 0.7, na hilo ni bomba jembamba la kifahari. Ikiwa ni 25.4, tofauti ni 3.2 na ukuta unakaribia milimita 1.6: bomba la maji, hata stika iseme nini. Fremu za zamani za Kifaransa zina bomba jembamba zaidi kwa nje, na nguzo ya 26.4 humo si aibu, kwa hiyo pima nje na ndani kabla ya kuhukumu.

Yako usiivunje vipande. Kwa baiskeli ya kazi, ukikata boksi na kiti na magurudumu ukauza kimoja kimoja, utapoteza miezi, utalipia usafirishaji wa vitu vizito, na utabaki na fremu ambayo hakuna anayeitaka.

Tufike kwenye bei yenyewe. Ile uliyoiona mtandaoni ni ombi. Mtu anaweza kuandika tarakimu yoyote, na tangazo likakaa miaka miwili likila vumbi. Kinachokuhusu ni mauzo yaliyokamilika. Masoko mengi ya mtandaoni yana sehemu ya kuchuja vilivyouzwa, na nyumba za mnada hutoa matokeo. Tafuta sita au saba: Raleigh, ya kiume, breki za vyuma, gia tatu, boksi zima. Tupa ya juu kabisa na ya chini kabisa, kwa sababu mara nyingi moja ilikuwa na kisa maalumu na nyingine ilikuwa na kasoro isiyoonekana pichani. Zilizobaki ndizo soko lako. Kisha jilinganishe kwa haki: yako ina boksi, ongeza, kiti kimepasuka, punguza gharama ya kukivisha, gia zinafanya kazi, ongeza, tairi zimekauka, punguza. Tairi zake, kama magurudumu ni ya inchi 28 kwa 1½, ni zile zenye namba ya saizi 635. Siku hizi kuna tairi nyingine nyingi zinazoitwa inchi 28 na hazitaingia, kwa hiyo bei ya tairi sahihi ihesabu kabla mnunuzi hajakuhesabia.

Tazama pia mauzo yamefanyika wapi. Baiskeli ni kubwa, nzito na ngumu kufungasha. Iliyouzwa vizuri penye vilabu vya wapenzi wa baiskeli za kale haikuhakikishii bei ileile mahali ambapo mnunuzi ni mmoja. Kwenye mnada kumbuka nyumba hukata sehemu yake, na mara nyingi mnunuzi naye huongezewa ada, kwa hiyo bei iliyogongewa nyundo siyo inayoingia mfukoni mwako. Na akitokea mtu wa bima akakuandikia tarakimu kubwa, usifurahi haraka: anaandika gharama ya kuitafuta nyingine kama hiyo upesi, ambayo karibu kila mara huzidi bei ya kuuzia.

Ukishapata eneo lako la bei, mpigie yule bwana. Mwonyeshe mauzo uliyoyapata na orodha ya vilivyo vizima na vibovu, umwombe ofa mpya. Akiwa mpenzi wa kweli atapanda. Akikasirika, umejua alikuja kwa nini. Baada ya hapo piga picha mchana, nje, upande wa mnyororo ukitazama kamera, kisha nembo ya mbele, chapa ya kitovu, kiungo cha nambari, mipasuko ya kiti, na kila kutu. Picha ya kasoro humleta mnunuzi makini na kumfukuza mbishani.

Mwisho, tafuta kwenye albamu za nyumbani. Kuna baiskeli zilizopata thamani kwa aliyezipanda, kama ile ambayo fundi wa Kiitalia Ernesto Colnago alimtengenezea bingwa wa mbio Eddy Merckx wa Ubelgiji kwa ajili ya rekodi ya umbali wa saa moja huko Mexico City mwaka 1972. Baba yako hatufikishi huko, lakini picha ya zamani inayomwonyesha akiwa na baiskeli hii ingetatua ugomvi wetu wa 1948 na 1958, hasa kama nyuma yake pameandikwa tarehe. Angalia gurudumu la nyuma pichani, hesabu spoki kama zinaonekana, tazama kama taa na pampu zipo. Mnunuzi mpe nakala, picha yenyewe ibaki nyumbani.